Misuli ya Desemba

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, barabara ya Dar es Salaam kwenda Arusha huanza kututapikia mashemeji. Wanashuka stendi ya Mwanga na mabegi ya magurudumu, wanalaani upepo, wanasifu joto letu kwamba halina unyevu, kisha wanauliza kama bado kuna gari la kupanda Usangi. Hao wa basi ni watu wema. Wabaya ni wenye magari yao, kwa sababu mwenye gari hana haraka ya kupanda mlimani. Atakaa mjini siku nzima akitafuta mahali pa kuonekana.

Wa kwangu ana gari. Ni kaka yake mama watoto, kwa hiyo sina pa kumshitakia. Miaka ya nyuma alikuwa akija na kitambi na habari za viwanja vya Kigamboni. Tulikuwa tunakaa barazani, tunakula makande, tunasikiliza bei za viwanja mpaka usingizi utukute hapohapo, na hapakuwa na ubaya wowote. Mwaka huu kitambi kimepanda juu kikawa kifua. Amejiunga na jimu, anaamka alfajiri kunyanyua vyuma, anakula mayai na kuacha viini (viini wanakula wanangu, hilo sikatai), na fulana zake zote zimeshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Akikalia kiti changu cha plastiki, kiti kinalia. Na kifua cha namna hiyo hakikai nyumbani bila mashahidi. Kila jioni lazima twende uwanjani.

Uwanjani, nyakati hizi za sikukuu, huja vijana wa michezo ya kulipia, walewale unaowaona wakizunguka minadani. Yupo wa kurusha pete kwenye chupa za soda. Yupo wa karata tatu, ambaye mgambo wakitokea anageuka ghafla kuwa muuza karanga. Hao sina ugomvi nao. Aliyeliwa na karata tatu amejitakia mwenyewe. Ugomvi wangu ni na michezo ya nguvu: nyundo na kengele, bomba la kuning'inia, meza ya kulazana mikono. Hapo utamkuta mwanaume mzima, mwenye watoto wanaosoma na deni dukani, anatoa noti mfukoni ili kengele imthibitishie kwamba yeye ni mwanaume. Mama yake alishamthibitisha siku ya kwanza, bure.

Mimi ni mwembamba. Mtu mwembamba huwekwa pembeni ya uwanja tangu shule ya msingi ashike majaketi ya wenzake, na ukishika majaketi miaka mingi unajifunza kutazama. Nimetazama sana. Nimesoma pia, maana stoo ninayoitunza ina siku nyingi za kimya. Kwa hiyo ninajua namna ya kushinda karibu kila mchezo wa nguvu unaoletwa Mwanga, na kilio changu ni kwamba hakuna anayetaka kujua. Wanaume wa hapa, na hawa wa Dar ndio kabisa, ni afadhali washindwe kwa nguvu kuliko kushinda kwa mbinu. Ukimwelekeza mtu jinsi ya kushika mpini, anakutazama utafikiri umemtukania ukoo.

Chukua hiyo nyundo. Mchezo wenyewe ni wa zamani, Ulaya na Marekani walikuwa nao kwenye maonesho yao tangu karne ya 19, ila huu wetu umechomelewa na fundi wa geti na madirisha. Kuna nguzo ndefu, na juu yake kengele. Chini kuna ubao uliolala juu ya egemeo. Ukipiga upande huu, upande wa pili unarusha kipande cha chuma kinachopanda kwa kufuata waya hadi kengeleni. Nguzo imeandikwa kwa rangi nyekundu, kutoka chini kwenda juu: MGONJWA, BIBI HARUSI, MWALIMU, BAUNSA. Pigo moja shilingi 500, mapigo matatu 1,000. Ukigonga kengele unapewa beseni la plastiki.

Shemeji akavua saa, akanipa. (Nimesema, majaketi.) Akashika nyundo mwishoni kabisa mwa mpini kwa mikono yote miwili, akaizungusha hewani mara kadhaa kwa faida ya waliokuwa wanapiga picha, akapumua, akapiga. Chuma kikapanda hadi BIBI HARUSI, kikafikiri kidogo, kikashuka.

Nikamwambia kwa upole, maana ni shemeji, "Shemeji, umepiga kwa ukingo. Ubao ule unataka pigo bapa, uso mzima wa nyundo utue katikati kwa mara moja. Ukitua kwa ukingo, nusu ya nguvu inaishia kwenye ubao na nusu nyingine inarudi kwenye viwiko vyako." Nikamweleza kwamba mkono wa juu uanze karibu na kichwa cha nyundo, kisha uteleze kushuka wakati nyundo inashuka. Magoti yakunjike, macho yabaki kwenye ubao na si kwenye kengele. Halafu nikampa siri yenyewe, ambayo haihitaji mayai: kinacholipa ni mwendo. Ukiongeza uzito wa nyundo mara mbili, nishati ya pigo inaongezeka mara mbili. Ukiongeza mwendo mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kijana mwepesi mwenye mkono wa haraka anaweza kumpita mtu wa miraba minne anayeburuza nyundo. Hesabu hii ipo kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari, na shemeji alifaulu fizikia, cheti nimekiona kimetundikwa ukutani kwao.

Akanijibu, "Shemeji, mambo ya nguvu niachie mimi."

Akatoa 1,000 nyingine.

Katikati ya hayo akapita shangazi yetu mmoja ametoka sokoni, beseni kichwani, la kwake, alilolinunua kwa hela. Tukamwamkia, akaitikia, akasimama kutazama. Huyu mama anapasua kuni tangu kabla sijazaliwa, na kila nililomweleza shemeji kuhusu nyundo nilijifunza kwa kumtazama yeye nyuma ya jiko lake. Kijana mwenye mchezo akamwona, akaona biashara. "Mama, karibu, piga moja ya bure!" Shangazi akautazama ubao, akaitazama nguzo yote mpaka juu, akauliza, "Nikishapiga, nabaki na kuni ngapi?" Kijana hakuwa na jibu. Shangazi akaondoka zake.

Sasa kuna jambo jingine ambalo wenye vifua hawalioni kwa sababu wanatazama juu. Ule waya ambao chuma kinapanda nao unashikiliwa chini na kamba, na kamba hiyo imefungwa kwenye kigingi alichoegemea kijana mwenye mchezo. Akiegemea vizuri, waya unakaza na chuma kinapanda bila kikwazo. Akijiondoa kidogo, waya unalegea, unatikisika, unakisugua chuma njiani, na hapo hata ungekuwa na mikono ya treni utaishia MWALIMU. Ujanja huu ni wa zamani sawa na mchezo wenyewe. Ndiyo maana yeye akionesha mfano anagonga kengele huku anaongea na simu. Na ndiyo maana, watu wakianza kupungua, anamwita katoto kamoja kembamba ka darasa la saba, kanapiga, kengele inalia, kanapewa beseni. Wenye misuli wote waliokuwa wanaondoka wanageuka nyuma na mikono iko mifukoni tayari.

Mbinu pekee ya kushinda hapo ni kutazama makalio ya mwenye mchezo. Akiegemea, lipa. Akisimama, kanywe chai. Nimelisema hili hadharani mbele ya watu wazima, nikaambiwa nina wivu.

Nikienda mbali zaidi nitasema kwamba watu wa milima hii tulipaswa kuwa tumelielewa zamani. Ugweno ilikuwa nchi ya wahunzi. Washana walifua chuma kilichotafutwa hadi kwa Wachaga huko Kilimanjaro, na kwa mujibu wa Profesa Isaria Kimambo, aliyekusanya historia ya Upare kutoka kwa wazee wenyewe, Washana hao ndio waliokuwa watawala wa Ugweno mpaka Wasuya walipowapindua. Tafakari hapo. Watu wenye nyundo, tanuru na mikuki yote ya kutengeneza wanayoitaka wananyang'anywa utawala na ukoo mwingine. Somo hilo tunalo karne kadhaa, bado shemeji anaamini beseni linapatikana kwa kifua.

Bomba la kuning'inia nitalipitia haraka kwa sababu hata kulitazama kunachosha. Unaning'inia kwa mikono, miguu isiguse chini, ukifikisha sekunde 100 unapewa mara kumi ya ulicholipa. Linaonekana jepesi. Kumbe bomba ni nene kuliko kiganja kinavyopenda, na limewekwa juu ya beringi hivyo linazunguka lenyewe. Vidole vinafunguka taratibu huku mwenyewe unajiona shujaa. Dawa yake ni kushika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine kikitazama nyuma, bomba likitaka kuzunguka huku mkono wa pili unalirudisha. Mwenye mchezo anaijua dawa hiyo, na ndiyo maana amebandika karatasi: MIKONO YOTE UPANDE MMOJA. Kingine ni uzito. Kila kilo ya kifua ni kilo ambayo vidole vinaibeba, na hakuna jimu iliyomfundisha shemeji kunenepesha vidole. Walionusurika kidogo siku ile ni vijana wakata mkonge wa Kisangara, wakavu, viganja vigumu, na hata wao walishuka wakicheka. Shemeji alishuka kabla mpiga picha hajafungua simu. Ikabidi alipe tena kwa ajili ya picha.

Kulazana mikono mezani hakuna utapeli, huo nausifu. Ni mtu na mtu. Lakini hapo pia naona mambo ya ajabu. Watu wanakaa mbali na meza, wamenyoosha mkono, wanasukuma kwa pembeni kwa nguvu za bega, uso umewaiva. Sogea! Kiwiko kiwe karibu na mwili, kifua kiwe karibu na ngumi, kunja kifundo cha mkono kuelekea kwako, na vuta kuja kwako kabla hujalaza. Ukimkunja mwenzako kifundo, hata awe nani, mkono wake uliobaki ni fimbo tu. Na usigeuze bega na uso upande mwingine wakati mkono umebaki mezani. Mfupa wa juu ya kiwiko huvunjika kwa msokoto huo, na sauti yake inasikika mpaka kwa muuza mishikaki. Nikamwambia shemeji hilo la mfupa, akasita. Ndiyo mara pekee alinisikiliza, na ilikuwa kwa woga.

Haya yote yalikuwa utangulizi. Balaa lenyewe lilikuja siku iliyofuata Krismasi, kwenye bonanza la kuvuta kamba.

Kuvuta kamba, mtu asikudanganye, ni jambo zito katika nchi hii. Nenda michezo ya Mei Mosi, nenda SHIMIWI wanakokutana watumishi wa wizara na idara za serikali, utakuta wakurugenzi wa heshima wamelala mgongo kwa mgongo vumbini, na magazeti kesho yake yanaandika fulani kamvuta fulani kwa mivuto 2-0. Wabunge wetu nao huivuta dhidi ya wabunge wenzao wa Afrika Mashariki. Hata Olimpiki kamba ilikuwamo, tangu 1900 hadi 1920, ndipo ikaondolewa, sijui walimkasirisha nani. Leo ina shirikisho lake la kimataifa na kanuni za maana: watu wanane kila upande, timu zinapimwa kwenye mizani kwanza, kamba haipungui mita 33.5, na ukimvuta mwenzako mita nne umeshinda.

Jioni ya Krismasi, tumeshiba, nilifanya ukarimu wa kumsimulia shemeji kisa cha London mwaka 1908. Kwenye Olimpiki ile Wamarekani walikutana na polisi wa Liverpool. Wakavutwa mvuto wa kwanza kabla hawajakaa sawa. Wakaangalia chini, wakaona mabuti ya polisi wale, mazito, ya chuma kwenye kisigino, wakakata rufaa kwamba hayo si mabuti ya michezo. Wakajibiwa kwamba hayo ndiyo mabuti ya kazini, ya kila siku. Wamarekani wakagoma, wakaondoka. Dhahabu ikachukuliwa na polisi wa jiji la London, fedha Liverpool, shaba polisi wengine wa London. Shemeji alikipenda kisa hiki kuliko nilivyotarajia. Akaniuliza mara mbili ilikuwa mwaka gani. Ningekuwa na akili za shangazi ningejiuliza anauliza wa nini.

Timu ya kwanza ilikuwa ya waliorudi likizo, Dar na Arusha, fulana mpya za bluu, nahodha shemeji. Timu ya pili walikuwa wavuvi kutoka upande wa Lang'ata, kule Bwawa la Nyumba ya Mungu. Walikuja wamebanana kwenye bodaboda, hawana fulana za kufanana, hawana viatu. Zawadi: kreti moja la soda.

Nikajipitisha kwa shemeji na ushauri wangu, najua haunisaidii kitu lakini damu ni nzito na dada yake ananilisha. Nikamwambia kamba haivutwi na mikono. Mvuto ulio kwenye kamba ni uleule pande zote mbili, haujui nani ana misuli. Anayeshinda ni yule ambaye ardhi imemshika. Kwa hiyo chimba visigino, kwangua vumbi la juu mpaka ufike penye udongo mgumu. Lala nyuma, mgongo ulionyooka, mikono iwe imenyooka vilevile, kazi yake ni kushikilia tu, vuta kwa mapaja. Kamba ipite chini ya kwapa. Mzito wenu awekwe nyuma kabisa, kamba imzunguke mgongoni na kupita begani, lakini asiifunge fundo.

"Nyuma kabisa?" akauliza. "Picha je?"

Akakaa wa kwanza, mbele, uso kwa uso na kamera. Kifua cha jimu, miguu ya kware, na chini ya miguu hiyo raba nyeupe zenye soli laini za kutembelea kwenye vigae vya maduka makubwa. Halafu nikaona anaizungushia kamba kiganjani ili "isiteleze." Hapo nilipiga kelele kwa kweli. Oktoba 1997 kule Taipei watu zaidi ya elfu moja na mia tano walivuta kamba kwenye sherehe, kamba ikakatika, na ule mrudisho wake ukawang'oa wanaume wawili mkono mmoja kila mtu; madaktari ndio waliofanya kazi ya kuirudishia. Usijizungushie kamba mkononi hata siku moja, hata kwa kreti la soda. Akaizungusha kuitoa, kwa hasira, akisema ninaleta uchuro.

Nilivyowatazama wavuvi nikajua yamekwisha. Hawakupasha misuli. Walikuwa wanakwangua vumbi kwa visigino, polepole, kila mtu shimo lake. Mmoja, mzee kidogo, akapita nyuma akashika mwisho wa kamba. Filimbi ikalia, timu ya bluu ikavuta kwa nguvu zote za Dar es Salaam, mishipa nje, kelele nyingi. Wavuvi wakalala nyuma tu. Hawakuvuta. Wakakaa hivyohivyo, wamelala hewani, kamba imekaza, hakuna anayekwenda popote, na hii ndiyo mbinu kubwa kuliko zote katika kamba: kumwacha mwenzako atumie. Mtu anayevuta kwa mikono ana nusu dakika, labda na ushee. Baada ya hapo lazima abadilishe mguu. Mzee wa nyuma alikuwa anasubiri mguu huo. Alipouona, akaanzisha wimbo, sauti ya chini, na wenzake wakaitikia kwa kuvuta. Akaita, wakaitikia. Watu hawa wamezoea kuvuta nyavu zenye maji na samaki ndani yake, wakiitikia pamoja. Raba nyeupe zikaanza kuteleza, moja, mbili, zote, na nahodha wetu akavuka mstari akiwa ameketi.

Kuketi ni kosa, kwa kanuni. Ni jambo linaloniuma kidogo kama mtu wa Upare, kwa sababu ushindi wetu mkubwa kuliko wote tuliupata hivyo. Januari 1945 watu wa milima hii waliteremka kwa maelfu hadi Same, bomani, kupinga kodi ya mbiru ambayo Mwingereza aliiweka kwa kila mtu kukadiriwa mali yake, ng'ombe kwa ndizi. Hawakurusha hata jiwe. Walikaa. Walipiga kambi, chakula kikawafuata kutoka nyumbani, serikali ikavuta upande wake ikachoka, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakatoka kuwakabili wakubwa. Hatimaye kodi ikaondolewa. Wazee wale wasingemaliza hata mvuto mmoja chini ya kanuni za shirikisho. Mwamuzi angewatoa wote.

Mvuto wa pili sitausimulia, ulikuwa mfupi kuliko filimbi yake. Mivuto 2-0. Wavuvi wakabeba kreti, wakanywea palepale ili warudishe chupa, wakapanda bodaboda.

Mahali pengine duniani habari ingeishia hapo. Lakini sisi tunasemwa nchi nzima kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uzushi. Tunaanza na mbuzi. Jioni ile niliporudi kutoka dukani nilimkuta shemeji barazani na timu yake, taa imewashwa, wamemchukulia binti yangu daftari la hisabati, wanaandika rufaa.

Hoja ya kwanza: wapinzani ni wavuvi, kuvuta ndiyo ajira yao, kwa hiyo ni wachezaji wa kulipwa katika mashindano ya ridhaa. Hoja ya pili: wapinzani waliimba, na wimbo ni msaada kutoka nje. Hoja ya tatu, na hapo ndipo nilipoomba maji ya kunywa: "Tunarejea shauri la Liverpool na Marekani, London, 1908, ambamo suala la kilichovaliwa miguuni lilijitokeza, na kwa kuwa wapinzani wetu hawakuvaa chochote, wakashika ardhi kwa vidole moja kwa moja, tunaona kosa hili ni kubwa zaidi kuliko lile."

Nikawaambia Wamarekani walishindwa rufaa ile. Shemeji akasema walishindwa kwa sababu hawakuiandika vizuri.

Mama watoto akatoka na chai, akauliza zawadi ilikuwa nini. Akaambiwa kreti la soda. Akauliza ada ya rufaa ni kiasi gani. Akaambiwa 20,000, na haina marejesho. Akahesabu vikombe, akarudi ndani bila kusema kitu, na mlango ukasema kwa niaba yake.

Asubuhi tulikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, mtu wa kanuni. Alivaa miwani akasoma kurasa zote nne bila kutabasamu. Hata alisahihisha koma mbili kwa kalamu nyekundu. Akasema hoja ya tatu ina uzito na kamati itakaa, ila anahitaji nakala sita, moja ya wavuvi, na shahidi ambaye hakuwa mchezaji, aliyeona miguu ya pande zote mbili kwa makini tangu mwanzo mpaka mwisho.

Wote wakageuka kunitazama.

Nilisaini. Nilichouliza ni fotokopi analipa nani, maana kurasa nne mara sita ni 24, na fundi wa fotokopi pale stendi, sikukuu hizi, amepandisha bei. Shemeji akasema tulipe nusu kwa nusu. Nikamjibu kwamba mambo ya nguvu nilimwachia yeye, na ya fotokopi pia namwachia. Sasa hatusemezani, anakula mayai yake upande ule wa baraza, na kamati imeahirisha kikao hadi Pasaka atakaporudi tena.